Mzee Athanasi Hayumo Kwenye Ramani

Costansia alikuta kaburi la baba yake limefika magotini na wachimbaji wamekaa.

Alikuwa ametoka Ihembe alfajiri, nusu ya njia juu ya lori la kahawa, nusu nyingine kwa miguu, na kitenge chake kilikuwa kimelowa umande mpaka kiunoni. Binti aliyeolewa mbali, akifika msibani kwao, huachia sauti ya kilio kabla hajaingia uani, ili waliopo wajue kwamba amefika. Alipofika kwenye mti wa mwisho wa kahawa akafungua kinywa, halafu akawaona wanaume wa jirani wamekaa juu ya udongo mwekundu, majembe miguuni, wanavuta sigara. Akakifunga. Kwao kaburi likishaanza kuchimbwa halipumzishwi. Watu hupokezana majembe mpaka liishe, na anayeketi kabla ya wakati hushambuliwa kwa maneno na wazee.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba," wakajibu, lakini hakuna aliyeinua uso.

"Mbona mmekaa? Mmekuta mwamba?"

"Hakuna mwamba, dada," mmoja akasema. "Muulize kaka yako."

Kaka yake, Theoneste, alikuwa nyuma ya jiko anapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Ndivyo alivyo tangu utotoni. Akikasirika hagombani na watu, hugombana na kuni. Alipomwona dada yake aliweka shoka chini, akamshika mkono, wakasimama hivyo kidogo.

"Wamesema tusizike hapa," akasema.

"Wamesema nani?"

"Ofisi ya kijiji. Tulikuwa tumeshaanza kuchimba, balozi wa nyumba kumi akaja na ujumbe kutoka kwa katibu. Wageni hawaziki kibanjani."

"Wageni gani?"

Theoneste akainama kuliokota shoka.

"Nakuuliza, wageni gani, Theoneste? Baba mgeni? Sasa tukamzike wapi, juu ya mti?"

"Makaburi ya parokia."

Sasa, mtu ambaye kwao watu huzikwa makaburini atauliza ubaya uko wapi. Makaburi ya parokia yana msalaba mkubwa, yana miti, yanafagiliwa. Ubaya ni huu. Karagwe mtu huzikwa katika kibanja chake, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake, na kaburi lile ndilo linalosema kibanja ni cha nani. Mkigombania mpaka, wazee hawaulizi nani amelima sana. Wanauliza, nani wako amelala hapo? Kibanja chenye kaburi la baba ni cha mwana, basi. Kibanja kisicho na kaburi ni shamba tu, na mwenye shamba tu anaweza kuamka siku moja akaambiwa ahame.

Na uamuzi wenyewe haukushuka kutoka mbinguni. Ulipitishwa mwaka uliotangulia, watu waliofukuzwa Ankole, kule Uganda, walipovuka kuja huku na ng'ombe wao na magodoro yao. Kijiji kikaingiwa na hofu. Kikao kikaitishwa, ikaamuliwa kwamba wageni wasizike vibanjani, wasije wakajipatia ardhi kwa wafu wao. Watu walipiga makofi. Hata mzee Athanasi Twagirayezu alipiga makofi, tena kwa nguvu, kwa sababu alikuwa amefika pale tangu zamani za Mwingereza, kijana mtafuta kibarua cha kahawa kutoka Rwanda, na haikumpitia hata kidogo akilini kwamba mgeni anayesemwa ni yeye.

Costansia aliingia ndani kumwona mama yake. Mukabera alikuwa amekaa mkekani karibu na marehemu. Sanda ilikuwa mbugu, gome la mti lililopondwapondwa, kwa sababu mwaka ule maduka yalikuwa na chumvi na viberiti, zaidi ya hapo mashelfu matupu. Costansia alipiga magoti, akalia hapo miguuni pa baba yake, akalia mpaka akatosheka. Kisha akafuta uso.

"Wamemaliza kuchimba?" mama yake akauliza.

"Karibu, mama," akasema, akatoka.

"Twende," akamwambia kaka yake.

"Wapi?"

"Ofisini. Na ukae kimya kama huna la kusema."

*

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, meza, na dirisha lisilo na kioo. Walikaa kwenye benchi muda mrefu wakimtazama bwana kutoka wilayani anakula. Alikuwa amekuja wiki ile kutenganisha raia na wasio raia, akalala kwa mwenyekiti, akapikiwa ndizi na nyama ya mbuzi, na harufu ya mchuzi ilijaa chumba kizima. Costansia hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake. Alitazama sakafu. Alihisi hasira, lakini zaidi alihisi njaa, na njaa ile ilimtia aibu kuliko kitu chochote.

Kando ya bwana alikaa katibu wa kijiji, Gosbert, mwanamume wa makamo mwenye shati la kijani la chama. Alimsalimia Costansia kwa kichwa tu. Hakumtazama tena. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba anakimezea mate kibanja cha Athanasi kwa sababu ya chemchemi iliyoko chini. Uongo mtupu. Gosbert alikuwa mwoga tu, basi, na bwana yule alikuwa ameshamuuliza mara kadhaa kama anawajua wageni wake wote kwa majina.

Bwana alinawa mikono, akajifuta kwa leso.

"Poleni na msiba," akasema. "Naambiwa marehemu alikuwa mtu mwema. Sikatai, na hakuna anayekataa. Mimi sina ugomvi na mtu. Lakini jiwekeni mahali pangu. Nikifika hapa wote mnafanana. Wote mna migomba, wote mnasali, wote Kiswahili chenu kinayumba hivyo hivyo. Nitamjuaje raia? Lazima nitumie kitu kisicho na upendeleo."

Akainuka, akaenda ukutani. Pale ilitundikwa ramani, kuukuu, yenye kitambaa nyuma, ambayo Gosbert aliiokota walipokuwa wanasafisha ghala la kahawa. Mchwa walikuwa wamekula pembe ya pwani, lakini sehemu iliyobaki ilikuwa safi. Ilichorwa wakati wa Mwingereza, na kila kabila lilikuwa na rangi yake na jina lake kwa herufi kubwa.

"Makabila yote ya nchi yetu haya hapa," bwana akasema. "Mimi Mbena. Mimi huyu hapa, rangi ya waridi." Alipapiga pale mahali pake kwa kiganja, kwa mapenzi kabisa. "Haya kijana, njoo. Nionyeshe kwenu."

Theoneste alikwenda. Alitazama ramani kwa muda, akaweka kidole juu ya rangi ya chungwa, magharibi kule.

"Hapo ni Wanyambo. Wewe ni Mnyambo?"

Costansia alimwombea kaka yake adanganye. Lakini Theoneste hajui kudanganya, ni kilema alichozaliwa nacho.

"Nimezaliwa hapo," akasema.

"Sikuuliza umezaliwa wapi. Nimeuliza kabila."

"Wazazi wangu ni Wanyarwanda."

"Haya. Nionyeshe Wanyarwanda."

Kidole kikasogea kushoto polepole, kikafika mto Kagera, kikauvuka. Ng'ambo ya mto mchoraji hakuwa ameweka rangi wala jina. Palikuwa peupe tu. Kidole cha Theoneste, chenye udongo wa kaburi ukuchani, kikasimama pale peupe.

"Hapo hakuna kitu," bwana akasema.

"Ndipo walipotoka."

"Naona. Sasa nifanye nini, ndugu yangu? Niandike rangi nyeupe?"

Gosbert alicheka kidogo, cheko la kumfuata mkubwa, halafu akajuta. Theoneste alirudi kwenye benchi na mikono yake katikati ya magoti.

Costansia akasimama. "Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mama."

"Naomba kuuliza. Mwaka wa sabini na nane vita ilipoanza, huyu kaka yangu alichukuliwa mgambo. Alibeba masanduku ya risasi kichwani mpaka ng'ambo kule Uganda, akarudi na sikio moja halisikii. Siku ile walipokuja kumchukua, walikuja na ramani?"

Bwana alimtazama Gosbert. Gosbert aliitazama meza.

"Ile ilikuwa vita," bwana akasema. "Ilikuwa dharura."

"Na kufa si dharura?"

"Mama, usinipandishie sauti. Nimewapa pole, nimewapa sababu. Makaburi ya parokia yako wazi kwa kila Mkristo. Kesho saa sita nitapita mwenyewe, nikute mmempeleka. Na hilo suala la kibanja," akaketi, akavuta kikombe cha chai, "tutalizungumza matanga yakiisha. Hatumfukuzi mtu kwenye msiba, sisi si wanyama."

Basi ikawa wazi kama jua. Leo kaburi, matanga yakiisha nyumba, na mama yao mzee anatandikiwa mkeka kusikojulikana.

*

Njiani Theoneste alisema, "Tumpeleke parokia. Mungu ni yule yule."

"Mungu ndiye yule yule, lakini kibanja si kile kile," Costansia akajibu. "Wewe nenda nyumbani, uwaambie wachimbaji wasiondoke. Wape pombe ya lubisi. Mimi napita mahali."

Mahali penyewe palikuwa nyumbani kwa Kokubanza, mama yake Gosbert. Na hapa lazima lisemwe jambo ambalo kila mtu mzima kijijini alilijua na hakuna aliyelitaja siku ile. Zamani, kabla Costansia hajaolewa Ihembe, Gosbert alimpenda, naye akampenda. Washenga walikuja kwa Athanasi na vibuyu vyao vya lubisi, wakaketi, wakanywa, mambo yakaenda vizuri mpaka ikafika zamu ya kuulizana ukoo. Athanasi akasema, sisi ni Bazigaba. Baba yake Gosbert akaweka kibuyu chini. Hata sisi, akasema. Hapo hapo maneno yakaisha. Watu wa ukoo mmoja ni ndugu, mwiko wao mmoja, na ndugu hawaoani hata kama kati yao kuna mito na mipaka ya serikali kumi. Hakuna aliyesema habari za Rwanda siku ile. Wazee wale wawili waliagana wakiitana ndugu, wakaendelea kuitana hivyo miaka yote, na waliolia walikuwa vijana wawili ambao hakuna aliyewauliza.

Kokubanza alikuwa barazani anapepeta maharage. Costansia akapiga magoti mbele yake kama desturi ilivyotaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole, pole sana. Nilitaka kuja asubuhi. Gosbert amesema nisubiri kwanza."

"Usubiri nini?"

"Sijui. Mambo ya ofisi."

"Mama, sijaja kuomba kitu. Nimekuja unikumbushe. Mimi na Gosbert mlitukatalia kwa nini?"

Ungo ukasimama. "Jamani, Costansia. Mambo ya zamani hayo. Una watoto wakubwa."

"Nikumbushe tu."

"Kwa sababu ninyi ni ndugu. Unajua wewe."

"Ndugu wa wapi? Nimetoka ofisini sasa hivi. Wana ramani ya makabila, na mimi simo. Sina hata rangi. Kwa hiyo ama mlinidanganya wakati ule, ama mnanidanganya leo. Kama mimi si ndugu yake, mlinionea. Ningekuwa mkamwana wako, ningekuwa nakupepetea hayo maharage. Nirudishieni yale machozi. Na kama kweli mimi ni ndugu yake, mzee aliyelala kule kwetu ni baba yake Gosbert, na Gosbert amemzuilia baba yake kaburi. Chagueni moja, mama. Mimi nitakubali lolote mtakalochagua."

Alisema yote hayo akiwa bado amepiga magoti, kwa sauti ya heshima, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Kokubanza aliweka ungo chini. Alipotazama mlangoni, Gosbert alikuwa amesimama pale; alikuwa amemfuata kutoka ofisini kwa njia ya mkato na alikuwa amesikia.

"Umemsikia mwenzako?" Kokubanza akamuuliza.

"Mama, wewe hujui. Yule bwana ana agizo..."

"Yule bwana ataondoka. Mimi nitabaki hapa na majirani. Siku aliyokufa baba yako, nani alipiga jembe la kwanza?"

Gosbert akafunga kifungo cha shati lake la kijani.

"Wewe ulikuwa umelala chini kwa kulia. Athanasi ndiye aliyepiga jembe la kwanza, kama ndugu. Na wewe leo unakwenda kuchungulia rangi ukutani! Hebu niambie, mimi rangi yangu ipi? Mimi nimezaliwa Mpororo, ng'ambo ya mpaka, nimeletwa hapa bibi arusi. Umeshanitafuta humo? Siku nikifa utanipeleka parokia na mimi?"

Ajabu ni kwamba Gosbert hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja. Ilionekana usoni. Mtu huyu alikuwa ameitazama ile ramani kila siku, akawatafuta wageni humo, akaipangusa vumbi, na hakuwahi kumtafuta mama yake mwenyewe.

Akaketi kwenye ukingo wa baraza. "Costa," akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu ujana. "Nisikilize. Nitamwambia kwamba Bazigaba ni ukoo wa hapa, jambo ambalo ni kweli. Nitasema mzee Athanasi ni baba yangu mdogo, na hilo pia ni kweli kwa namna yake. Kwa hiyo ni Mnyambo. Nitasema Theoneste alichanganyikiwa kwa msiba. Mama atakuja kutia neno."

"Sema."

"Lakini atakuja mazikoni kujionea. Pale asisikie Kinyarwanda. Hata neno moja. Nyimbo Kiswahili, maombolezo Kinyambo. Akisikia mtu analia kwa Kinyarwanda, kaburi linafukiwa tupu, na mimi na wewe tumekwisha."

"Hatasikia," Costansia akasema.

Alijibu upesi, maana alikuwa ametegemea kuombwa jambo gumu zaidi.

*

Gosbert alitimiza. Jioni ile aliweka kidole chake juu ya rangi ya chungwa mbele ya bwana, mama yake akasimama kando akisema ndiyo, huyo ni shemeji yangu, tumezika naye, tumekula naye. Bwana alionekana kufurahi kabisa. Hakuwa mtu aliyependa kuhamisha maiti. "Sasa mbona hamkusema mapema?" akauliza. Gosbert akajibu kwamba wao walikuwa wameulizwa kabila, hawakuulizwa ukoo. Bwana akatikisa kichwa kwa jinsi watu wa huku walivyo wagumu kueleza mambo.

Wachimbaji wakainuka. Kaburi likashuka kifuani, likashuka zaidi.

"Kwa hiyo baba amekufa Mnyarwanda, anazikwa Mnyambo," Theoneste akasema.

"Anazikwa kwake. Hilo ndilo nililolifuata, na nimelipata. Wewe ulipata nini na ukweli wako?"

Theoneste alichukua jembe, akapokezana na wachimbaji. Baadaye akasema, "Nani atamwambia mama?"

"Wewe ndiye mwanaume wa nyumba."

"Wewe ndiye uliyekubali."

Walibishana hivyo kama watoto, mwishowe wakagawana kazi. Theoneste akawaambia wajomba na binamu waliotoka mbali, familia zile zilizokuja zamani kama yao. Hakuna aliyeshangaa. Wengine walikuwa wanafanya hivyo sokoni kila siku. Costansia akawaambia akina mama wa jikoni. Watu wote wakaambiwa, isipokuwa mmoja. Kila alipoingia chumbani kumwambia, alimkuta mama yake ametulia, ananyoosha kipindo cha mbugu, anafukuza nzi, na Costansia akashindwa aanzie wapi. Utamwambiaje mtu, mama, mumeo hakuwa mtu wa kwenu? Akasema moyoni, baadaye. Akaenda kumenya ndizi. Asubuhi pia akasema baadaye.

*

Kabla ya saa sita watu walikuwa wamejaa kibanjani, wamesimama kati ya migomba. Katekista alisali kwa Kiswahili. Bwana kutoka wilayani alikuja kweli, suti ya Kaunda imepigwa pasi, mwavuli mkononi kwa ajili ya jua, akasimama karibu na Gosbert. Alionyesha heshima zote. Alivua kofia. Kokubanza alikuwa ameketi ubavuni mwa Mukabera tangu asubuhi, amemshika mkono.

Nyimbo zikaimbwa kwa Kiswahili. Wanawake wakaomboleza kwa Kinyambo, na wale ambao Kinyambo chao hakikutosha walilia tu bila maneno. Athanasi akateremshwa. Costansia alianza kupumua vizuri. Alimtazama yule bwana, akamwona anatikisa kichwa kwa huruma, akasema moyoni, tumemaliza.

Hawakuwa wamemaliza. Kabla udongo haujarudishwa, mjane husogea ukingoni amuage mumewe. Watu wote hunyamaza, hata watoto hushikwa vinywa, inabaki sauti yake peke yake. Humwambia anamwacha nani, humwambia alimfanyia nini, humwachilia aende. Costansia alikuwa ameona maziko mengi na aliijua desturi hiyo, lakini katika mbio zote zile ilikuwa imemtoka kichwani.

Mukabera alisogea. Akamwita mumewe. Hakumwita Athanasi, jina la kanisani, alimwita Twagirayezu, na akaanza kusema naye kwa lugha waliyokuwa wakizungumza wawili tangu siku alipomwoa, kitandani, shambani, kwenye ugomvi na kwenye njaa. Yalitoka maneno matatu au manne ya Kinyarwanda, laini, ya watu wawili, ambayo mtu mwingine angeona haya kuyasikia.

Bwana aligeuza kichwa. Gosbert alimtazama Costansia, uso umemwiva.

Costansia akaenda. Akamzungushia mama yake mkono kiunoni, kama anavyoegemezwa mjane anayetaka kuanguka, na mkono mwingine ukamfinya pale juu ya kiwiko, kwa nguvu, mpaka akahisi mfupa.

"Kinyambo, mama," akanong'ona.

Mukabera alimtazama binti yake. Alitazama watu waliokuwa kimya kati ya migomba, akamtazama Gosbert, akamtazama mwanamume mwenye mwavuli. Alielewa. Alikuwa ameishi pale miaka mingi mno kushindwa kuelewa.

Alianza upya. Kinyambo alikijua. Alikijua cha kununulia chumvi, cha kumweleza nesi wa Nyakahanga mahali panapouma, cha kuwasalimia majirani kisimani na kuwapa pole wakifiwa. Hakuwahi kukitumia kwa mumewe hata siku moja, kwa hiyo maneno ya mke hakuwa nayo. Alitafuta, akasimama, akatafuta tena. Mwishowe akamwambia yale aliyokuwa nayo. Akampa pole ya kazi. Akamwambia asante kwa kuja. Akamshukuru kwa ujirani mwema, akamwombea safari njema, na akamwambia awasalimie wa nyumbani.

Watu wakaitikia kwa kichwa. Hapakuwa na kosa. Bwana akavaa kofia yake, akampa Gosbert mkono, na majembe yakaanza kurudisha udongo.

Costansia alikuwa bado amemshika mama yake, na alitamani ardhi impasukie na yeye. Alisubiri mpaka bwana alipopotea njiani na mwavuli wake, mpaka watu waliposogea kwenye vivuli kugawiwa chakula, wakabaki wawili kando ya tuta jipya.

"Nimesema vizuri?" Mukabera akauliza. Aliuliza kwa Kinyambo.

Costansia alimwinamia, akaanza kumwomba radhi, kwa Kinyarwanda, lugha yao. Hakufika mbali. Kiganja cha mama yake, chenye udongo, kilimfunika mdomo.

"Nyamaza," mama akasema, bado kwa Kinyambo, akigeuka kutazama huku na huku kati ya migomba. "Kaburi tumeshalipata. Usije ukatuharibia."